Nukta ya kijani ya rivolva imening'oka mara ya tatu, na muuzaji ananijibu kuwa ni "kitu cha kuisha"

Wakuu, salaam.

Kijiti cha plastiki kwenye kilengeo cha mbele cha rivolva yangu (kile kinachosimama juu ya mtutu ili ulenge nacho), chenye urefu wa punje mbili tatu za mchele, kimenifanya nitembee msituni na silaha ambayo sikuweza kulenga nayo. Leo aliyeniuzia amenijibu kwa barua pepe kwamba hicho ni kitu cha kuisha, hivyo waranti haikihusu. Nimekasirika na sitaificha hasira yangu. Kampuni siitaji jina, maana nimesoma malalamiko ya wengine na yanafanana kwa bidhaa za watengenezaji tofauti.

Kwa wasionifahamu, naishi Montana, Marekani, upande wa Missoula, mwaka wa tisa huu. Navua samaki mto Blackfoot, na kule dubu aina ya grizzly wapo kweli. Kinga ya kwanza ni kopo la pilipili la kupuliza, maofisa wa wanyamapori wa huku wanalisisitiza kila msimu, nami siendi mtoni bila hilo. Rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya risasi za .357 zenye mshindo mkubwa na mtutu wa inchi 4, ni ya pili, endapo kopo litaisha au upepo utanirudishia pilipili usoni.

Ilikuja na kilengeo cha mbele cha chuma cheusi. Chini ya misonobari saa kumi na moja jioni, cheusi juu ya kahawia hakionekani kabisa. Ndipo nikanunua kilengeo cha faiba, dola 58, kwenye pakiti yenye picha ya milima na maandishi makubwa kwamba kimetengenezwa kwa ajili ya porini.

Faiba hii haina uhusiano na ile ya glasi inayotuletea intaneti. Ni kijiti cha plastiki chenye rangi inayomeremeta, unene wa milimita moja au moja na nusu. Kinanasa mwanga ubavuni na kuutolea kwenye ncha, nawe unaona nukta ya kijani. Ili kinase mwanga lazima ubavu uwe wazi, kwa hiyo hakiwezi kuzungukwa na chuma pande zote. Na kinachokishika mara nyingi ni ncha zake tu: unaziyeyusha kidogo kwa kiberiti cha gesi zitanuke kama kichwa cha msumari. Basi. Kichwa cha plastiki iliyoyeyushwa ndicho kinachotegemewa kuhimili mshindo wa .357.

Mara ya kwanza hakikufikisha risasi 150. Bastola inaporuka nyuma, kijiti kinabaki palepale kwa uzito wake, maana yake kinavutwa kuelekea mdomo wa mtutu. Kichwa cha nyuma kikapasuka, kijiti kikachomoka, nikabaki nalenga kupitia tundu. Nikasema ni bahati mbaya, nikaweka kingine.

Mara ya pili ndiyo iliyonichoma zaidi, kwa sababu huo ni mtego kabisa. Rivolva ni chafu kuliko bastola ya magazini. Kuna upenyo kati ya silinda na mtutu, gesi inatoka pale na masizi yanaruka. Tena mtutu ukiwa mfupi, baruti nyingi inamalizikia kuungua nje, mbele ya kilengeo. Ukishaijaza silinda na kuimaliza mara nne tano, kijiti kimeshavaa masizi na nukta imefifia. Lazima usafishe. Na dawa nyingi za nguvu za kuondoa mafuta na masizi zina asetoni au jamaa zake, ambazo plastiki hizi haziziwezi. Nilipuliza kama ninavyosafisha chuma siku zote. Asubuhi yake kijiti kilikuwa na ukungu na nyufa nyembamba kama kioo cha simu kilichoanguka, na nilipokigusa kwa mswaki kikakatika. Kwenye karatasi ya maelekezo hakuna neno hata moja kuhusu dawa za kusafishia. Wameandika namna ya kufungua skrubu, wameandika rangi zinazopatikana, ila hilo hawakuliandika!

Mara ya tatu ni Novemba, baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Plastiki za namna hii husinyaa kwa baridi karibu mara sita kuliko chuma, kwa hiyo kijiti kinalegea kwenye tundu lake, na papo hapo kinakuwa kikavu cha kukatika. Nadhani kilivunjika kwenye ala ya ngozi nilipokuwa nainama kwenye mawe, sikusikia chochote. Vichaka vikavunjika mbele yangu, kopo mkono wa kushoto, nikachomoa rivolva kwa kulia, nikatafuta nukta. Hakuna. Vyuma viwili vyembamba na uwazi katikati. Alitoka kulungu, akavuka mto akaenda zake. Mikono ilinitetemeka mpaka nilipofika kwenye gari.

Babu yangu alikuwa askari wa wanyamapori upande wa Rungwa. Bunduki yake ya .458 ilikuwa na vilengeo vya chuma tupu, ilianguka kwenye mawe, ikalowa, ikabebwa juu ya Land Rover miaka na miaka, na kilengeo kilikuwa palepale. Bunduki nyingine za zamani za kuwindia wanyama wakali zilikuwa na kilengeo cha mbele chenye kitufe cheupe cha duara kama ushanga, na cha nyuma chenye mkato mpana wa V. Watu wale walijua kitu cha porini ni kipi.

Sisemi faiba haifai popote. Kwenye mashindano ya kulenga shabaha, mchana, una vijiti vya akiba mfukoni, ni nzuri mno na jicho linaiwahi haraka. Ila kama mnaiuzia watu wa porini, wekeni kingo nene za chuma juu yake, wekeni vijiti vya akiba ndani ya pakiti, andikeni kwa herufi kubwa kwamba dawa kali zinakiua. Na kama ni kitu cha kuisha, tuambieni kabla hatujalipa! Tena usiku mwanga ukiisha nayo inazimika. Anayetaka kuona gizani inabidi atafute kilengeo cha tritiamu, gesi ya mionzi inayofanya king'ae chenyewe, nayo mwanga wake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi.

Kwa sasa nimerudisha kilengeo cha chuma. Nimekipaka nyeupe kwanza, halafu rangi ya kucha ya chungwa juu yake, nilivyofundishwa na mzee jirani aliyebeba rivolva kabla sijazaliwa. Risasi 200 zimepita na rangi ipo.

Ninachofikiria ni kilengeo cha mbele chenye ushanga wa shaba. Mwenye .357 au .44 aliyeutumia misimu miwili ya baridi au zaidi naomba aje hapa. Kile ninachokiona dukani kimezidi kimo cha hiki changu kwa nusu milimita hivi, kwa hiyo risasi zitashuka. Kwa mita 20 zilikushukia kiasi gani, na skrubu ya kilengeo cha nyuma ilitosha kurekebisha?