Nimemkata mwanafunzi alama kuhusu bamvua, kumbe yeye ndiye anayejua

Mwalimu wa Kilwa:
Wadau, naombeni ushauri. Mimi mtu wa Tabora, bahari nimeiona ukubwani. Nafundisha Jiografia kidato cha kwanza. Kwenye jaribio niliuliza bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa na kutoka kuliko kawaida, hufika lini. Kijana mmoja, baba yake mvuvi wa pweza, akaandika: siku ya pili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Kitabu kinataja siku yenyewe. Nikamkata.

Hakubishana. Alisema tu, "Mwalimu, twende pwani." Tukachomeka boriti ya mkoko tuliyoitia alama kwa kisu, kila shubiri alama moja. Siku ya mwezi mpevu maji yalifika alama ya nane. Keshokutwa yake yakaivuka ya tisa. Sasa nifundishe lipi, na mtihani unafuata kitabu?

Binti Jambiani:
Pole mwalimu. Mama yangu analima mwani tangu miaka ya 90, na huhesabu siku za mwezi tu. Bamvua likifika, maji hutoka mbali saa nne, saa tano asubuhi, ndipo wanaposhuka kufunga mwani kwenye kamba. Anajua pia kwamba bamvua la Machi na la Septemba hushinda mengine. Hayo hakuyasoma popote.

Fundi Fizikia:
Mwalimu, kitabu kimetaja chanzo, kijana ametaja kinachoonekana. Jua, mwezi na dunia zikikaa mstari mmoja, mvuto wa jua na wa mwezi huungana. Lakini bahari ni maji mengi mno, yanasuguana na sakafu na kuzuiwa na nchi kavu, kwa hiyo huitikia kwa kuchelewa, mara nyingi siku moja au mbili. Wanaotengeneza majedwali ya maji bandarini huuhesabu ucheleweshaji huo. Iacheni boriti mwezi mzima, watoto wachore grafu, kisha waulize kwa nini kilele hakikuangukia siku ya mwezi mpevu. Na mwite baba yake darasani. Usimwite aje kusimulia mila. Mwulize alichokiona baharini miaka yote hiyo, watoto wakipime.

Mwalimu wa Kilwa:
Ahsanteni sana, nimepata pa kuanzia. Alama zake nimemrudishia mbele ya wenzake, na nimemwomba radhi. Mzee naye amekubali kuja, ila tusubiri wiki ya maji mafu, yasipojaa wala kutoka sana. Bamvua hili pweza wapo, hawezi kuwaacha.