App za kupima chaji yangu ndo zinaimaliza

Mwali_wa_Tabata
Habari zenu wakuu. Mimi nina usonji, nimejua mwaka jana nikiwa na miaka 32, na tangu mwezi wa tatu nimekata moto kabisa. Sio ule uchovu wa kulala ukaamka freshi, yaani kuna siku hata kuongea kunagoma, nakaa mbele ya jiko nusu saa sijui nipike nini, na jenereta ya jirani naisikia hadi kwenye meno. Kazi nimeacha (nilikuwa napokea simu za wateja, miaka sita ya kuchangamka kwa lazima), sasa nipo kwa mama.

Shida ni hii, nilisoma habari za kuhesabu nguvu kama vijiko (yaani siku ina vijiko vichache, kila jambo unalofanya linakula kadhaa), nikashusha app tatu, moja ya hisia, moja ya usingizi, moja ya kupanga siku, na zote zinalia. Juzi saa tano usiku nimejikuta nabubujikwa na machozi eti nimesahau kujaza jedwali la uchovu. Nyie mnatumia nini ambacho hakigeuki kazi nyingine? Simu yangu ni Tecno ya kawaida, hela ya zile saa za mkononi za kupima mwili sina.

Samaki_Mchanga
Pole dada. Futa zote leo leo. Hii hali haiishi wikiendi moja, mimi nilikaa miezi minane, sasa miezi minane ya kujaza fomu kila usiku nani ataweza?

Natumia kalenda ya simu tu. Jambo linaloninyonya nalipaka nyekundu, siku ikishakuwa na nyekundu moja ya pili naihamisha, basi. Kioo nimekiweka rangi ya kijivu, kuanzia jioni macho yanatulia.

Ila mwizi mkubwa wa nguvu ni WhatsApp, hasa magrupu ya kamati za harusi. Zima mlio, chagua ile ya daima sio ya wiki, halafu weka kwenye kumbukumbu. Tiki za bluu ukizizima kwenye grupu bado zinaonekana, kwa hiyo usifungue kabisa, mtumie mweka hazina mchango wake umalizane naye.

Kingine, kibodi ya Gboard ina kamusi binafsi, unaiwekea kifupi. Mimi nikiandika "npm" inaniletea: Nimepata meseji yako, leo siwezi kuongea, nitajibu nikipata nguvu, sijakasirika. Hilo la sijakasirika usilitoe, hasa kwa mashangazi.

Kijana_wa_Rongai
Mimi niko upande wa Nairobi na saa ninayo, ya mtumba, na wallahi haujakosa mengi. Inanisaidia kitu kimoja, mwili wangu hautoi taarifa mapema, njaa naijua nikishaanza kutetemeka, sasa nikiona mapigo ya moyo yako juu kuliko kawaida siku mbili tatu hata nikiwa nimelala, najua nimejibeba sana na nafuta mipango. Lakini haijui kelele wala kujikaza mbele za watu. Jumapili nilikaa kwa chama masaa mawili nikitabasamu, ikahesabu nimepumzika kwa sababu sikutembea. Jumatatu sikutoka kitandani. Pesa hiyo bora ununue earphone za kupunguza kelele, kwa matatu zimeniokoa kuliko app yoyote.

Mzee_Busara
Samahani vijana lakini kuchoka tunachoka wote. Hizo simu ndio ugonjwa wenyewe. Zima, lala.

Samaki_Mchanga
Mzee wangu shikamoo. Akizima simu wanakuja mlangoni.

Mwali_wa_Tabata
Mzee marahaba... eeh samahani, shikamoo, unaona kichwa kilivyo 😂 Kulala nalala mzee, masaa kumi na moja, naamka nimechoka vilevile, ndo maana nikauliza.

Nimefuta zote tatu. Nimebakiza alamu moja ya saa saba mchana, imeandikwa WALI NA MAJI, sina haja ya kujaza chochote. Kalenda nimepaka, kumbe wiki hii nilikuwa na nyekundu nne na mbili wala sio zangu, ni za kumsindikiza binamu kuchukua vitambaa. Na ile ya "npm" nimemjaribia shangazi jioni hii. Kajibu kwa voisi ya dakika nne. Sijaifungua.