Naomba ushauri: kuhama Minnesota kwenda Texas baada ya kustaafu

Habari zenu wandugu. Mwakani natimiza miaka 66 na naacha zamu za usiku. Mimi na mzee tunataka kuikimbia theluji ya Minnesota, tusogee karibu na binti yetu Houston.

Kila ninayemuuliza anasema, "Njoo, Texas hakuna kodi ya mapato ya jimbo." Kweli, huku inaanzia asilimia 5.35. Ila kwa kipato chetu, kama dola 4,200 kwa mwezi, sehemu kubwa Social Security (pensheni ya serikali), Minnesota yenyewe haituumizi sana. Kilichonishtua ni bili ya kodi ya majengo aliyonitumia binti: dola 5,200 kwa mwaka, na nyumba yenyewe ina vyumba vitatu tu! Yetu huku ni dola 3,400 na mkopo tumeshamaliza. Bado bima, na ile ya mafuriko inakatwa peke yake. Houston mafuriko si hadithi.

Nimepiga hesabu kwenye daftari mara tatu, nimepata majibu matatu.

Mliohamia Texas mkiwa na zaidi ya miaka 65, naomba mnisaidie mawili. Ule utaratibu wa kugandisha kodi ya shule kwa wazee, yaani ile sehemu ya kodi ya majengo inayokwenda shuleni isizidi kupanda, mliuomba mara tu baada ya kununua, na mlipeleka karatasi gani? Na bima zote mbili, ya nyumba na ya mafuriko, mnalipa ngapi kwa mwaka?

Mzee ameshaanza kugawa majembe ya theluji kwa majirani, kwa hiyo nina haraka kidogo. Asanteni.