Depite kupiga mikro mu Bunge: ni kazi ao ni video tu?

Bandugu ba Lubumbashi, tuzungumuze hii mambo bila matusi. Mu magrupe ya WhatsApp banatumiana video ya depite mumoja wa huku kwetu (jina naliacha, munamujua), amesimama ku Palais du Peuple (nyumba ya Bunge kule Kinshasa), kostimu safi, anapiga kifaransa cha nguvu juu ya barabara zetu na makuta ya migodi, basi wengine banasema huyu njo mbunge wa kweli, wengine eti ni sinema ya kutafuta kura.

Miye naegemea ku hawa ba sinema. Juu ya nini? Kila video ni mosio ya informasio tu, ni kusema kusimama na kutoa habari mbele ya wenzake. Unasema, unashangiliwa, unakaa, Bunge inapita ku mambo ingine, hakuna kura. Na Katiba ya Kongo, artikle 138, inamupatia vyombo vya maana kuliko ile: swali ya kuandika ao ya kusema, interpelasio (kumuita waziri ajieleze mbele ya Bunge), tume ya uchunguzi. Waziri akijibu ovyo, artikle 146 inasema sehemu moja ku kumi ya ba depite banatosha kusaini mosio ya defiansi, ile ya kuomba waziri atoshwe. Bunge ni ya watu 500, kwa hiyo saini 50. Huyu wetu na sauti yote ile, ameshaomba hata saini ya mwenye kukaa naye pembeni?

Angalia ile ya migodi. Sheria ya migodi (code minier) ya 2018 inagawa redevansi, makuta yenye kampuni za migodi banalipa juu ya madini, wazi: 50% serikali kuu, 25% provinsi, 15% komine ao sheferi (eneo ya chifu) yenye mugodi, 10% mufuko wa vizazi vyenye bitakuya. Yee analia tu kama watu banateseka, tunajua, si ni sisi wenye kuteseka! Hakuuliza komine gani ilipata ngapi, mwaka gani, ku konti gani. Swali moja ya hivi, ya kuandika, ingemutoa waziri jasho.

Sasa wenye kumutetea nabo hawasemi uongo. Kuna wenzake tangu uchaguzi wa Desemba 2023 hata sauti yao hatuijue. Tena barabara ya Katuba, komine ya hapa Lubumbashi, iko ku gavana, na gavana anaulizwa na Bunge ya provinsi, si ya Kinshasa. Na sisi je, depite tunamupimaka na nini? Bahasha ya kilio, gunia ya unga, jezi za timu ya mutaa. Mwenye atakaa na bidje (bajeti ya inchi) kurasa kwa kurasa mu kikao cha Bunge cha kuanzia 15 Septemba mpaka 15 Desemba, nani atamupigia mikono? Anatupatia video juu njo yenye tunapenda.

Basi mwenye ana hata swali moja ya kuandika yenye huyu bwana alileta, ao fasi alimurudilia waziri kisha jibu, aiweke hapa na tarehe yake. Na wenye kusema kama kuongea tu inatosha, mutuambie inatosha kufanya nini.