Wanafunzi wangu wanakwama kukataza kwa Kihispania

MwalimuMsasani: Habari zenu wadau. Nafundisha Kihispania jioni, wanafunzi ni Wamarekani na Waingereza wanaoishi Masaki na Oysterbay. Kuamuru wanaweza: "habla" (sema), "come" (kula), hata zile amri nane korofi zisizofuata kanuni (di, haz, ve, pon, sal, sé, ten, ven) wanazitiririsha. Tukifika kwenye kukataza, wanatia "no" mbele tu: "no habla". Hiyo ni "hasemi", si "usiseme"! Majedwali wameyakariri, ila wakianza kuongea yote yanayeyuka. Nyie mnawavushaje?

BintiMagomeni: Pole mwalimu. Kiingereza ndicho kinachowavuta, maana kitenzi chao hakibadiliki, wanaongeza "don't" basi. Lakini hao wanaishi Dar, Kiswahili cha sokoni hawakikosi. Anzia hapo. "Ingia", "usiingie": a ya mwisho imekuwa e. Kihispania nacho hivyohivyo: "entra", "no entres". Vitenzi vinavyoishia -er na -ir vinageuka kinyume, e inakuwa a: "abre" (fungua), "no abras".

Mimi huwa napanga viti kama daladala. Mmoja anakuwa konda, wengine abiria. "Sube!" anapanda. "No subas!" anabaki chini. "Baja!" (shuka), "no bajes!" Hapo umepata makundi yote mawili ya vitenzi kwa mlango mmoja, na konda hana muda wa kukumbuka jedwali. Anayekosea anampisha mwenzake. Nakuhakikishia inashika, nimeona watu wazima wakibishana kugombea ukonda.

MzeeWaUpanga: Daladala naikubali. Ila ningeanza na usted ("wewe" ya heshima) kabla ya tú ("wewe" ya kawaida). Nilisoma Cuba, na kilichonisaidia ni kwamba usted haibadiliki: "suba", "no suba". Kwa wengi, "suban", "no suban". Mwanafunzi akishazoea, anaongeza s tu, anapata "no subas" ya tú. Halafu usisahau viambata, yaani vile vidogo kama "me" na "lo": "dímelo" (niambie hilo) vimeganda nyuma, lakini "no me lo digas" vinahamia mbele. Hapo ndipo wengi huanguka, kwa hiyo vipe somo lake peke yake.

MwalimuMsasani: Shikamoo mzee, na ahsante dada. Kesho naanza na daladala kwa usted, halafu tú. Vosotros ("nyinyi" ya kawaida ya Hispania) siwezi kuiruka, kuna wawili wanahamia Madrid; hao nitawaongezea "subid" na "no subáis". Dada, kundi lako huwa watu wangapi? Langu ni wanne tu, naogopa abiria watakuwa wachache.

BintiMagomeni: Wanne wanatosha. Wewe kuwa dereva.