Naandika tasnifu nikiwa na ADHD: zana gani na taratibu gani zinawasaidia?

Mwalimu wa Kampala (mwulizaji)

Habari zenu, ndugu zangu. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Kampala, na wakati huohuo naandika tasnifu ya uzamili kuhusu ufundishaji wa somo hili katika mtaala mpya wa sekondari ya chini, ule ulioanza kutumika mwaka 2020. Nilipimwa nikiwa mtu mzima, nikaambiwa nina ADHD, yaani hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kudumisha umakini. Maarifa ninayo: nikiulizwa kwa mdomo, naweza kueleza sura yangu ya tatu yote, tangu usampulishaji hadi uchanganuzi wa data, bila kusita. Nikifungua kompyuta, sentensi ya kwanza hunifanya nisahihishe herufi, herufi hunikumbusha chanzo, chanzo hunipeleka kwenye makala nyingine, na jioni hufika ukurasa ukiwa karibu mtupu.

Msimamizi wangu ni mtu mwema, na hunishauri nijipangie muda. Ratiba nimetengeneza nyingi, tena nzuri, lakini hazidumu. Nawaomba ninyi wenye ADHD, disleksia (ugumu wa kusoma na kutahajia), usonji au hali nyingine inayoufanya ubongo ufanye kazi tofauti na ya wengi, mnieleze mnafanya nini hasa na kwa mpangilio gani. Umeme kwetu hukatika na bando la intaneti ni ghali, kwa hiyo zana inayotaka mtandao saa zote haitanifaa.

Mhariri wa Mbale

Mwalimu, mimi nina disleksia, na kazi yangu ni kuhariri taarifa za shirika moja hapa Mbale. Kuandika ni kazi nyingi zinazofanywa kwa pamoja: kupata wazo, kulipanga, kulitafutia maneno, kuyatia herufi, kisha kuyakagua. Zote hutegemea kumbukumbu tendaji, ile inayoshika mambo machache kwa muda mfupi tunapoyashughulikia, na kwa wengi wetu wenye ADHD au disleksia hiyo ndiyo hulemewa mapema. Ndiyo maana kila zana naipima kwa swali moja: je, inaniondolea mojawapo ya kazi hizo, au inaniongezea nyingine? Ratiba yenye rangi nyingi, kwa maoni yangu, huongeza.

Mimi huanza kwa kusema. Narekodi kwa kinasa sauti cha simu, ambacho hakihitaji bando, nikieleza sehemu moja tu kana kwamba namjibu mwenzangu wa kazini. Nikiwa na mtandao, natumia kibodi ya Gboard, kwa kuwa Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya imla, inayogeuza usemi kuwa maandishi, mwaka 2017. Matokeo huja bila aya, na majina ya mahali petu mara nyingi huharibika, lakini katika hatua hiyo nahitaji tu kuwa na maneno ya kushughulikia. Baadaye naandika kila hoja kwenye kipande cha karatasi ya manila, natandaza vipande mezani na kuvihamisha kwa mkono mpaka mpangilio ukubali. Umeme ukikatika, kazi hiyo haisimami.

Ninapounganisha hoja kwenye kompyuta, nazima kikagua tahajia. Vikagua vingi havimudu vitenzi vyetu. Neno kama “hawakutuandikishia” limebeba viambishi vingi kiasi kwamba hupigiwa mstari mwekundu ingawa ni sahihi, na mstari huo ndio unaokurudisha nyuma kabla wazo halijaisha.

Hatua ninayoithamini kuliko zote ni kusomewa. Kivinjari cha Edge kina uwezo wa kusoma maandishi kwa sauti, na kina sauti za Kiswahili za Kenya na za Tanzania. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na katika lugha za aina hiyo, kama watafiti walivyoona katika Kiitaliano na Kifini, disleksia hujitokeza zaidi kama usomaji wa polepole unaochosha kuliko kama kukosea maneno. Jicho langu likichoka huruka silabi ndani ya neno refu, hivi kwamba “wanaofundisha” na “wanaofundishwa” huwa kitu kimoja, jambo ambalo katika tasnifu ya elimu linaweza kugeuza matokeo yote. Sikio haliruki. Sisi wa Uganda tuna sababu nyingine ya kulitumia: wengi tumekulia lugha nyingine, na tukiandika haraka upatanisho wa ngeli hutuponyoka. “Kitabu yangu” hupita mbele ya macho bila kuulizwa, lakini ukiisikia ikisomwa unaitambua papo hapo.

Mkalimani wa Gulu

Nayakubali ya Mhariri, ila kwetu wenye ADHD kuna kikwazo kinachotangulia hayo yote, nacho ni kuanza. Kilichonisaidia zaidi ni kuwapo kwa mtu mwingine. Dada mmoja tuliyesoma naye huja kwangu, au tunapigiana simu na kuiacha wazi. Kila mmoja husema atafanya nini, kisha tunanyamaza na kufanya. Hanisimamii wala hasomi kazi yangu. Ukiishi karibu na maktaba, hata watu usiowajua wanatosha.

Kuhusu muda, wengi watakutajia njia ya Pomodoro aliyoibuni Francesco Cirillo wa Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, yaani dakika 25 za kazi na 5 za mapumziko. Mimi huitumia kwa kazi ninazozichukia, kama kupanga marejeleo. Katika kuandika hunidhuru, kwa sababu kengele hulia wakati akili ndiyo kwanza imetulia, na nikishasimama kurudi ni vigumu. Nawashauri wenye ADHD watumie kengele kuanzia, na kuacha wawe na sababu nyingine, kama njaa, miadi au sala. Saa ya mishale ukutani inanifaa kuliko ya simu, kwa kuwa naona muda ukipungua.

Kisha hiyo safari yako ya kutafuta chanzo katikati ya sentensi ikomeshe kabisa. Andika CHANZO kwa herufi kubwa mahali pake, uendelee, na siku nyingine uvitafute vyote pamoja. Kabla ya kuondoka mezani, andika kwa kalamu sentensi utakayoanza nayo kesho.

Mwanafunzi wa Jinja

Nina usonji. Maoni kama “panua hoja hii” yalikuwa yakinizuia kwa majuma, kwa sababu sikujua nipanue upande gani. Sasa baada ya kila kikao namwandikia msimamizi barua pepe fupi inayotaja nilivyoelewa na ninachokwenda kufanya, nikimwomba anirekebishe, na huwa nauliza kama kuna tasnifu iliyokwisha kupita ninayoweza kuitazama kama mfano. Pia naketi meza ileile, saa zilezile, nikiwa na viziba masikio, maana karibu nasi kuna baa.

Mwalimu wa elimu maalumu

Naongeza mawili. Fonti ya OpenDyslexic, iliyotolewa mwaka 2011, hupendekezwa sana, lakini tafiti hazijaonyesha kwamba inaboresha usomaji. Anayeipenda aitumie bila kutarajia makuu. Kuongeza nafasi kati ya herufi kuna ushahidi zaidi: utafiti uliofanywa kwa watoto wa Italia na Ufaransa wenye disleksia, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba walisoma kwa kasi zaidi na kwa makosa machache. Mpangilio huo unapatikana katika programu nyingi za kuandikia, na hauna gharama.

La pili, ombeni mnachokihitaji, tena kwa maandishi. Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda (UNEB) huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza ubaguzi katika elimu na ajira. Mwalimu, muda zaidi wa kuwasilisha rasimu, au ruhusa ya kutoa muhtasari wa sura kwa mdomo kabla ya kuiandika, ni maombi ya haki, na msimamizi mwema atafurahi kuambiwa jambo mahususi la kufanya.

Mwalimu wa Kampala (mwulizaji)

Nawashukuru sana. Nitaanza na kinasa sauti kwa sura ya tatu, nitazima kikagua tahajia, na nimeshamwomba mwalimu mwenzangu tuketi pamoja Jumamosi. Naomba ufafanuzi mmoja, Mhariri: nikisema haraka, mawazo hunijia kwa Luganda. Je, nijilazimishe kurekodi kwa Kiswahili?

Mhariri wa Mbale

Usijilazimishe. Mimi hurekodi kwa Lugisu kila hoja inapokuwa ngumu, na Kiswahili huingia ninapoandika vile vipande vya manila, kwa sababu wakati huo wazo limeshapatikana na akili ina nafasi ya kutafuta maneno. Gboard itumie kwa sehemu zile tu unazozieleza kwa Kiswahili bila kusita, na kwa maelezo yako nadhani sehemu ya usampulishaji ni mojawapo.