Mzee ana miaka 68 bado anang'ang'ania pikipiki, nimwambieje?

Kibena_Og: Wakuu heshima kwenu. Mzee wangu yuko Njombe, kila siku anaenda shamba na Boxer kwa ile lami ya Makambako, asubuhi ukungu huoni mbele na malori ya mbao hayana utani. Juzi kati kateleza kwenye changarawe akiwa spidi ndogo tu, mbavu mbili chali. Kijana angejipangusa vumbi akasepa. Sasa kapata nafuu anaulizia funguo, nimeificha, haongei na mimi. Nifanyeje?

Bwana Shauri: Uza, usibembeleze.

mjukuu_wa_chifu: Auze halafu apande nini, boda ya dogo anayepiga mishikaki? Bora aendeshe mwenyewe

Nesi wa Zamu: Pole sana. Mifupa ya mzee imepungua madini ndo maana anguko dogo linavunja, na mbavu zikiuma hapumui vizuri wala hakohoi, nimonia inaingilia hapo. Marekani waliangalia ajali za 2001 mpaka 2008, waliofikishwa hospitali wakiwa na 60 kwenda juu walilazwa karibu mara 3 ya wale wa miaka 20 mpaka 39. Anatumia dawa gani? Na macho?

Kibena_Og: Presha, na aspirini kila siku ya moyo. Usiku anasema taa za magari zinamwagika. Helmeti anayo ila mkanda ulikatika anafungia mpira wa tairi

Nesi wa Zamu: Taa kumwagika inaweza kuwa mtoto wa jicho, apimwe, na usiku asiendeshe kabisa. Dawa za presha nazo zinaweza kuleta kizunguzungu, amuulize daktari. Halafu kwa hiyo aspirini akigonga kichwa hata kidogo mpelekeni, damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu, wiki kadhaa baadae anaanza kuchanganya maneno nyie mnasema uzee.

Fundi Spoku: Helmeti ya mpira wa tairi hiyo ni kofia, anguko likija inatangulia yenyewe. Nunua mpya ya kumkaa, helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 42. Na muulize breki anayotumia, wazee wengi wanakanyaga ya nyuma tu, kwenye changarawe tairi inafunga unaenda chini

Kibena_Og: Ya nyuma tu mkuu, ya mbele anasema inapindua. Basi macho kwanza, na shamba aende ukungu ukishatoka. Funguo nampa mama akae nayo

mjukuu_wa_chifu: Mama atampa kesho asubuhi 😂